Kitufe Kimoja Kinatosha: Maneno ya Kamati Juu ya Kuchagua Toroshi

Maneno haya yalisomwa na kamati ya manunuzi mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Baraka. Tunayachapa kama yalivyosemwa, kwa sababu wengi siku ile walikuwa shambani ao ziwani, na wafadhili wetu nao waliomba kujua tumefikia wapi.



Mlitutuma kazi, tumeifanya, leo tunaleta jibu. Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Wengine walicheka wakasema: kamati ya watu sita, wiki nane, juu ya toroshi tu? Tunaomba mtuvumilie kidogo, mtaona wenyewe.

Tulianza kwa kugombana juu ya jina. Sisi tuliorudi kutoka kambi za upande wa Kigoma tumezoea kusema tochi. Ndugu zetu waliobaki hapa wanasema toroshi. Mwalimu mmoja katika kamati akasema kwenye vitabu inaitwa kurunzi. Tukamwambia akae na kurunzi yake. Kisha tukaelewana: tochi imetoka kwa Kiingereza, toroshi imetoka kwa Kifaransa, na kwa pande zote mbili neno la zamani lilikuwa mwenge wa moto. Basi ni kitu kimoja. Leo tutasema toroshi, kwa sababu tumefika kwetu.

KWA NINI TULIANZA KUTAFUTA

Sisi tunaishi karibu na ikweta. Saa kumi na mbili jioni jua linazama, saa kumi na mbili asubuhi linatoka. Nusu ya maisha yetu ni giza, na nyumba zetu nyingi hazina nyaya za umeme. Kwa mtu wa mji wenye umeme, toroshi inakaa ndani ya droo ikingoja siku mbaya. Kwetu sisi ni ya kila usiku: kwenda chooni, kufunga mbuzi, kutazama kama kuna nyoka mlangoni, kuhesabu feza za ndagala ufukweni, kumwangalia mtoto mwenye homa.

Mnakumbuka zile toroshi tulizopewa. Hatutaji aliyezileta, alizileta kwa moyo mzuri na sisi wenyewe tulipiga makofi. Zilikuwa nzuri kwa macho, nyeusi, zinang'aa, za kuchaji. Zilikuwa na kitufe kimoja lakini kazi tano. Bonyeza mara ya kwanza, mwanga mkali. Mara ya pili, mwanga wa katikati. Mara ya tatu, mwanga mdogo. Mara ya nne inapepesa haraka haraka. Mara ya tano inapiga ishara ya kuomba msaada, ile ya watu wa meli. Ndiyo ubonyeze tena, izime.

Mchana, tukiwa tumekaa kwenye viti, tulizielewa. Usiku ni mambo mengine.

Mwanachama wetu mmoja, mke wake alishikwa na uchungu saa saba ya usiku. Alichukua ile toroshi akaenda kumwita mkunga. Njiani, karibu na kizuizi, alisikia sauti: "Zima!" Akabonyeza ili azime. Haikuzima, ikapunguza mwanga. Akabonyeza tena, ikapunguza zaidi. Akabonyeza tena, ikaanza kupepesa, pa-pa-pa-pa, kama mtu anayempigia mwenzake ishara kutoka msituni. Nyinyi wote mnajua usiku wa kwetu. Mnajua taa inayopepesa inasomwa namna gani na mtu mwenye bunduki ambaye naye anaogopa. Ndugu yetu aliitupa chini akainua mikono. Mungu alimsaidia, hawakupiga. Lakini walimketisha chini karibu saa nzima wakimuuliza: ulikuwa unamwonyesha nani?

Mkunga alipofika, mama alikuwa amekwisha kuzaa. Jirani alikuwa amemulika na simu, ameishika kwa meno ili mikono yake ipate kazi. Simu ikazima kabla kondo la nyuma halijatoka. Mama alipoteza damu nyingi, akalala kituo cha afya siku kadhaa. Alipona. Mtoto naye yupo, ndiye yule mnayemsikia akilia pale nyuma.

Hatusemi kosa lote ni la toroshi. Giza, njia mbaya, bunduki, umaskini, vyote viko ndani. Lakini katika hayo yote, toroshi ndiyo kitu ambacho sisi wenyewe tunaweza kukibadilisha mwezi huu, kwa feza iliyo ndani ya kisanduku chetu.

TULIJARIBU NAMNA GANI

Tulinunua toroshi za aina tano hapa sokoni Baraka, zile zile ambazo kila mtu anaweza kuzipata. Tukazigawa kwa watu watano: mkunga, mvuvi, mlinzi wa usiku, mama anayetembeza mikate alfajiri, na mzee mmoja ambaye macho yake yamechoka. Kila wiki walibadilishana. Kila Jumapili tulikaa nao, tukawauliza maswali matatu tu: Iliwaka ulipoitaka? Ilizima ulipoitaka? Pile zilikaa usiku ngapi?

Wiki ya kwanza walizungumza juu ya ukali wa mwanga: hii inafika kule, hii inafika huku. Wiki ya tatu hakuna aliyesema tena habari ya ukali. Walikuwa wanazungumza juu ya kitufe na juu ya pile. Hapo tukajua tumefika kwenye shida yenyewe.

JAMBO LA KWANZA: KITUFE

Toroshi ya kazi moja iko na hali mbili tu: inawaka, ao imezima. Hakuna ya tatu. Mkono wako hauhitaji kukumbuka kitu.

Mkunga wetu alieleza vizuri kupita sisi. Alisema: "Mimi nikiwa kwa kazi, mikono iko na damu na maji. Siwezi kuanza kuhesabu nimebonyeza mara ngapi. Nataka nisukume mbele, iwake. Nisukume nyuma, izime. Basi."

Kitufe cha kusukuma kwa kidole gumba kiko na faida nyingine: unaweza kujua hali yake kwa kukigusa tu. Kiko mbele, imewaka. Kiko nyuma, imezima. Mzee wetu alikipenda kwa sababu hiyo. Ubaya wake ni kwamba kinaweza kujisukuma chenyewe ndani ya mfuko ao ndani ya kikapu, na ukifika unakuta pile zimekwisha. Dawa yake wengi mnaijua tangu zamani: ukisafiri, toa pile moja uigeuze nyuma-mbele. Umeme hautapita hata kitufe kikisukumwa. Ukifika, unairudisha.

Kile kingine, cha kubonyeza nyuma ya toroshi kinachosema "tak", nacho ni kizuri kama kazi ni moja tu. Lakini mkiwa sokoni msiamini macho. Bonyezeni mara sita, mara saba. Ikiwa kila mara ni kuwaka na kuzima tu, sawa. Ikianza kupepesa hata mara moja, irudisheni kwenye meza.

JAMBO LA PILI: PILE

Hapa ndipo feza inapotelea. Toroshi unainunua mara moja. Pile unazinunua maisha yote. Mtu anayeuliza bei ya toroshi bila kuuliza inakula pile gani ni kama mtu anayenunua pikipiki bila kuuliza habari ya esansi.

Kuna pile za namna tatu zinazotuhusu. Kuna pile kubwa, nene, za redio kubwa. Juu yake wanaandika R20 ao LR20, na wengine wanaandika D. Kuna zile za saa ya ukutani na redio ndogo. Hizo ni R6 ao LR6, ao AA. Na kuna nyembamba kabisa, za rimoti ya televisheni. Hizo ni R03 ao LR03, ao AAA.

Tazameni ile herufi L mbele. Ikiwa L haipo, pile hiyo ni ya zinki na kaboni, ya bei ndogo. Ikiwa L ipo, ni ya alkalini. Bei yake iko juu, lakini ile ya saa ya ukutani ikiwa ya alkalini inaweka nguvu mara mbili ya ile isiyo na L, na hata zaidi. Basi usilinganishe bei peke yake. Ikiwa yenye L inauzwa chini ya mara mbili ya ile nyingine, chukua yenye L.

Toroshi za kisasa zinatumia taa za LED. Taa nyeupe ya LED inahitaji karibu volti 3. Pile moja ya kawaida inatoa volti 1.5. Kwa hiyo pile mbili zikifuatana zinatosha bila mashine kubwa ndani. Ndiyo sababu toroshi ya pile mbili ndiyo rahisi kupita zote. Ya pile moja inahitaji kidude cha umeme cha kupandisha volti, na kile kidude kikiharibika hakuna fundi hapa wa kukitengeneza. Ya pile tatu nyembamba, ambazo zimejaa sokoni, hasa zile za kufunga kichwani, iko na shida yake: pile nyembamba zinaweka nguvu kidogo, na wanaziuza mbili mbili ao nne nne. Kila ukinunua, ama unapungukiwa moja, ama inabaki moja, na ile inayobaki unaichanganya na zingine kuukuu. Pile mpya ikikaa na kuukuu, zote zinakufa haraka na zinavuja.

Sasa tufanye hesabu. Toroshi ya kazi moja, ya pile mbili za saa ya ukutani, ikikula umeme kidogo, kama sehemu ya kumi ya ampea, itakwenda kwa pile za alkalini karibu saa 20. Nyumba inayoiwasha saa moja kila usiku itafika karibu wiki tatu. Ile yenye mwanga mkali sana inaweza kukula ampea nzima. Kwa pile zile zile haitakupa hata saa mbili, kwa sababu pile hizi zikivutwa kwa nguvu zinachoka kabla ya wakati wake.

Tuseme jozi ya pile ni franka 1,500. Bei inabadilika, tunachukua tu kwa mfano. Toroshi ya kwanza itakula jozi mbili kwa mwezi: franka 3,000. Ile ya mwanga mkali itakula jozi moja kila usiku wa pili, ndiyo jozi 15 kwa mwezi: franka 22,500. Mama mutunza feza alipoona hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hiyo ni feza ya shule."

JAMBO LA TATU: MWANGA KIASI GANI

Mwanga unapimwa kwa kipimo kinachoitwa lumeni. Mshumaa mmoja unatoa karibu lumeni 12. Toroshi ya lumeni 30 ni kama mishumaa miwili na nusu, lakini yote imegeuzwa mbele kwa njia moja. Kwa kutembea, kwa chooni, kwa kutafuta kitu ndani ya nyumba, hiyo inatosha. Kwa mlinzi na kwa mkunga, lumeni 50 ao 100 ni nyingi.

Mvuvi wetu alituambia kitu ambacho hatukukifikiria. Alisema mwanga mkali unampofusha. Akimulika nyavu kwa toroshi kali, akigeuza macho kwa maji haoni tena mwenzake, haoni mtumbwi mwingine. Ni kweli: macho yakipigwa na mwanga mkali yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza tena vizuri. Kwa mtu aliye ziwani, hizo ni dakika nyingi.

Tazameni pia umbo la mwanga. Kuna toroshi inayotupa doa dogo mbali, na pembeni ni giza tupu. Hiyo ni ya mlinzi. Kwa njia ya shamba unataka mwanga mpana, unaoonyesha miguu yako na majani ya pembeni, maana nyoka hangoji mbele, anangoja pembeni.

Na tafadhali, namba zilizoandikwa kwenye boksi msiziamini. Tuliona toroshi ndogo kama kidole imeandikwa lumeni elfu nyingi. Tuliona pile za kuchaji, zile ndefu zinazoitwa 18650, zimeandikwa 9,900. Pile ya ukubwa ule, hata ikitoka kiwanda kizuri kabisa, haifiki 5,000. Mtu aliyeandika 9,900 alikuwa anaandika tu. Washeni toroshi ndani ya butiki, mahali penye giza chini ya meza, muamini macho yenu.

JAMBO LA NNE: KIFO CHA TOROSHI

Msicheke. Kila toroshi itazima siku moja. Swali ni kama itakuaga.

Zile za kuchaji zenye mashine ndani zinashika mwanga uleule mpaka mwisho, kisha zinakatika ghafla. Kwa mtu mwenye umeme nyumbani ni vizuri. Kwa mtu aliye katikati ya njia ya shamba ni vibaya sana. Toroshi rahisi ya pile mbili inapunguza mwanga polepole. Leo iko hivi, kesho imepungua, keshokutwa inakuwa kama mwezi. Inakuambia siku mbili tatu mbele: nunua pile. Mlinzi wetu alisema: "Hii iko kama mzee mwenye adabu. Hawezi kuondoka bila kuaga."

Sisi tuliokimbia usiku tunalielewa neno hili. Wengi hapa walivuka ziwa gizani mwaka 1996 na miaka iliyofuata, na watoto mgongoni. Tunajua maana ya kitu kukuacha katikati.

MASWALI MLIYOTULETEA

Vijana waliuliza: kwa nini tusitumie simu? Simu iko na taa, hakuna kununua kitu kingine. Tunajibu: simu ni ya kuita mkunga, na ni ya feza ya simu. Ukiitumia kama toroshi, usiku unaoihitaji kuita utakuta imelala. Mmesikia habari ya yule mama. Simu ibaki simu.

Wengine waliuliza juu ya taa za sola. Tunazikubali, ndani ya nyumba ni nzuri sana kupita koroboi. Koroboi inatoa moshi, na moto wake umekula nyumba za nyasi. Mwenye feza anunue taa ya sola, watoto wasome. Lakini taa ya sola haiingii mfukoni, na wiki za mvua nyingi jua halijazi vizuri. Taa ya sola ni ya meza, toroshi ni ya mkono.

Swali la tatu lilitoka kwa mfadhili mmoja, na ni swali zuri: pile za kutupa zinachafua, kwa nini msichukue za kuchaji? Tulilichunguza. Zile toroshi za kuchaji za bei ndogo, nyingi ziko na betri ya risasi ndani, ndugu ya ile ya gari. Betri ya namna hiyo ikikaa bila moto wiki nyingi inakufa, hairudi. Inakaa bohari, inakaa barabarani, inakaa butikini, ikifika kwako imekwisha kufa nusu. Na ukitaka kuchaji unalipa kwa mwenye mashine, unaiacha huko, unalala giza. Lakini iko njia ya katikati: kuna pile za kuchaji za umbo la AA, zinaingia kwenye toroshi ileile ya pile mbili. Nguvu yake ni volti 1.2, kwa hiyo mwanga unapungua, tena unaweza kupungua sana. Mwenye sola nyumbani anaweza kuzitumia, na siku zikikosekana ananunua pile za kawaida sokoni. Ndiyo uzuri wa toroshi rahisi, haikufungi mlango.

UKIWA SOKONI, FANYA HIVI

Ingia na pile zako mwenyewe, zile unazojua ni nzima. Za muuzaji zinaweza kuwa mpya sana ao kuukuu sana, zitakudanganya.

Bonyeza ao sukuma kitufe mara nyingi. Kuwaka na kuzima tu, hakuna kingine.

Iwashe, kisha ipige polepole kwenye kiganja. Ikitikisika na mwanga ukakatika, chuma cha kugusana ndani ni kibaya. Iache.

Fungua nyuma. Tazama springi. Iwe nene na inarudi ukiibonyeza. Tazama uzi wa kifuniko. Ukikwaruza sana ao ukilegea, kitavunjika mapema. Kama kuna raba ndogo ya duara kwenye kifuniko, vizuri, inazuia maji ya mvua.

Ya plastiki nene si mbaya. Ya chuma inavumilia kuanguka, lakini nyingine chuma chake ni chembamba kama kopo la nyanya. Ukiikaza kwa mkono inaingia ndani. Hiyo hapana.

Mwisho, funga macho. Tunasema kweli, pale sokoni, funga macho. Ichukue kwenye meza, iwashe, izime. Ukishindwa mchana ukiwa umefunga macho, usiku utashindwa pia.

KUITUNZA

Usichanganye pile mpya na kuukuu, wala yenye L na isiyo na L. Pile zikikwisha zitoe siku ileile, maana zinavuja na maji yake yanakula springi. Ukikuta ukungu mweupe ao wa kijani ndani, futa kwa kitambaa kikavu, kisha sugua chuma kidogo kwa msasa mpaka king'ae. Toroshi nyingi zinazotupwa hazijafa, zimeshika kutu tu.

Tunajua wengi wanaanika pile juani zirudishe nguvu. Zinarudi kidogo, usiku mmoja, lakini ndizo zinazovuja kwanza. Na pile zisitupwe motoni, zinapasuka. Watoto wasizivunje kutoa ule unga mweusi. Tunajua ubao wa shule nyingi za vijijini umepakwa kwa unga huo, lakini si dawa ya kuchezea. Katibu ameweka ndoo yenye kifuniko pale ofisini. Leteni pile zilizokwisha, tuzikusanye mahali pamoja, zisiingie mashambani wala ziwani. Tukipata mahali salama pa kuzipeleka tutawaambia.

TUNAPENDEKEZA NINI

Wanakamati wote sita tumekubaliana hivi.

Kila nyumba ya mwanachama ipate toroshi moja ya kazi moja, ya pile mbili za AA, yenye kitufe cha kusukuma. Wakunga na walinzi wapate ya kazi moja pia, lakini ya pile mbili kubwa, maana wanawasha usiku mzima na pile kubwa zinaweka nguvu nyingi zaidi. Mkunga apate mbili, moja ya kazi na moja ya akiba.

Zote za aina moja. Hili tunalisisitiza. Zikiwa za aina moja, kifuniko cha iliyovunjika kitatengeneza ya jirani, na pile za nyumba moja zitasaidia nyumba nyingine usiku wa shida. Tuliporudi na mashua kutoka Kigoma, tangu mwaka 2005 na baadaye, kila mtu alishuka na mzigo wake, lakini sufuria tulizitumia pamoja. Ni desturi hiyo hiyo.

Feza inayobaki isinunue toroshi kali zaidi. Inunue pile, ziwekwe kwa mama mutunza feza, ziuzwe kwa wanachama kwa bei tuliyonunulia kwa jumla. Aliye na mama mjamzito nyumbani apewe jozi moja bila kulipa, mwezi wa mwisho. Tunaomba mkutano uipigie kura sehemu hii peke yake, maana ni feza ya wote.

Kwa wafadhili wetu tunasema aksanti, tena bila kinyongo. Mlitutumia kitu ambacho kwenu ni kizuri. Tunawaomba tu kitu kimoja: kabla ya kununua, tuulizeni. Swali moja kwa simu ni rahisi kuliko boksi zima la vitu vilivyokufa. Mkitaka kutusaidia zaidi ya hapo, tusaidieni pile za kuchaji za AA kwa kituo cha afya, na mtu wa kutufundisha kuzichaji vizuri kwa sola.

Na ndugu yetu wa ile usiku ya kizuizi, ambaye amekaa pale karibu na mlango, tulimpa yeye kwanza ajaribu toroshi tuliyoichagua. Tulimwambia afunge macho. Akasukuma mbele, ikawaka. Akasukuma nyuma, ikazima. Akafanya hivyo mara tatu. Tukamuuliza unaonaje. Akasema: "Hii nitaipeleka kwa mke wangu."

Tumemaliza. Sasa tupige kura kabla jua halijazama.